Yule Tuliyemwita Mvuvi

Hatujui mko wapi saa hii. Labda wewe mama uko jikoni unachochea moto wa chai, labda wewe baba unafunga kamba za viatu kwenda kazini, labda wewe mgonjwa umelala na redio iko kando ya kitanda. Popote ulipo, pokea salamu zetu. Sisi tunaosema nanyi leo ni Wakenya watatu tunaoishi mbali na nyumbani, kusini mwa jimbo la Florida, Marekani. Tumeombwa tuwasimulie jambo lililotupata siku moja tulipokwenda kuvua samaki. Tuko watatu hapa mbele ya kipaza sauti, lakini siku ile tulikuwa wanne. Msishtuke. Yule wa nne yu hai, naye ametupa ruhusa tuyaseme haya yote, mradi tusilitaje jina lake.

Basi majina tutayaacha. Mmoja wetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla hajahama, nasi humwita Mwalimu mpaka leo ingawa sasa kazi yake ni kuendesha lori. Wa pili ni fundi wa mitambo ya kupoza hewa, naye tumwite Fundi. Wa tatu ni dada yetu, muuguzi, ambaye hukesha na wagonjwa usiku na kulala mchana. Na yule wa nne tulimwita Mvuvi.

Tulimwita hivyo kwa sababu alizaliwa kando ya Ziwa Victoria, upande wa Nyanza. Sisi wengine ni watu wa milimani. Kwetu maji ni ya kisima na ya mvua. Yeye alijua kutazama jicho la samaki na matamvua yake akakuambia alivuliwa lini. Alijua omena waanikwe namna gani wasiingie mchanga. Tukikutana nyumbani kwake baada ya ibada, ngege wa kukaanga aliwapika mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumsogelea kwenye sufuria. Miaka kumi na mmoja tulikuwa tukimwita Mvuvi, naye akiitika.

Kwanza tuwaeleze mahali penyewe, maana mtu akisikia neno mfereji huwaza mtaro wa kunyweshea sukuma wiki. Mifereji ya kusini mwa Florida si hiyo. Ni kama mito iliyochimbwa kwa mitambo, imenyooka kama barabara, na mingine upana wake unapita mita thelathini. Inapita nyuma ya nyumba za watu, chini ya barabara kuu, kando ya maduka na viwanja vya mpira. Nchi ile zamani ilikuwa kinamasi kitupu. Maji yalitoka katika ziwa liitwalo Okeechobee yakateremka polepole kuelekea kusini katikati ya majani marefu. Gavana mmoja, jina lake Napoleon Bonaparte Broward, aliyeshika madaraka mwaka 1905, aliwaahidi watu kwamba atakikausha kinamasi kile wapate mashamba, na kazi ya kuchimba ikaenda mbio. Lakini maji hayaendi unakotaka kwa sababu umeyaamuru. Mwezi wa Septemba 1928 tufani kubwa iliyasukuma maji ya ziwa usiku, kingo za udongo zikapasuka, na watu wasiopungua 2,500 wakafa. Wengi wao walikuwa vibarua weusi wa mashambani, nao walizikwa kwa mamia katika makaburi ya pamoja. Mwaka 1947 mafuriko yakaja tena, na mwaka uliofuata bunge la Marekani likaidhinisha mpango mkubwa wa mifereji, kingo na malango ya maji. Malango yaliyo karibu na bahari huzuia maji ya chumvi yasipande ndani kuharibu maji ya visima, na kwa hiyo maji ya ndani ni matamu.

Haya yote Mwalimu alitueleza njiani, naye akianza kueleza jambo hata mvua haimnyamazishi. Sisi hatukuyatia maanani sana. Akili zetu zilikuwa kwa samaki.

Na samaki tuliyemfuata ana hadithi yake. Wenyeji humwita kwa jina la tausi, kwa sababu karibu na mkia ana doa jeusi lililozungukwa na rangi ya dhahabu, kama lile jicho katika unyoya wa tausi. Kwao ni Amerika ya Kusini. Aliletwa katika mifereji ya pwani ile mwaka 1984, na walioleta ni idara ya samaki ya jimbo lenyewe, kwa makusudi. Sababu yake ni ngege. Naam, ngege! Aina moja ya ngege kutoka Afrika Magharibi, mwenye madoa ubavuni, aliingia katika mifereji hiyo miaka ya 1970 akazaana mno, mpaka samaki wengine wakakosa mahali. Wataalamu wakatafuta mlaji wa kumpunguza, naye awe samaki ambaye watu watafurahia kumvua. Wakamchagua tausi. Jambo jingine walilompendea ni kwamba hawezi baridi. Maji yakipoa chini ya nyuzi 16 hivi hufa, kwa hiyo hawezi kuenea nchi nzima. Mwezi wa Januari 2010 ilipoingia baridi isiyo ya kawaida walikufa wengi sana, na wale waliosalia wakazaana upya.

Mvuvi aliposikia habari hizi ndani ya gari alitikisa kichwa. "Kwetu walimleta mbuta," alisema. "Miaka ya hamsini na sitini. Hakuna aliyekuja kumwuliza nyanya yangu. Mbuta akawala fulu, aina kwa aina, mpaka nyingine hazionekani tena. Na mbuta huyo huyo ndiye aliyenilipia karo. Sasa mnataka nimlaani au nimshukuru?" Mwalimu akamjibu kwamba sisi nasi tunao samaki wa Wamarekani, yule besi wa mdomo mpana aliyepelekwa Ziwa Naivasha miaka ya 1920. Fundi akasema, "Basi hatudaiani." Tukacheka. Tulicheka sana asubuhi ile, na hilo tutalirudia.

Ilikuwa Jumamosi, mwisho wa mwezi wa Aprili. Tulifika kwenye mfereji uitwao Snake Creek, kaskazini mwa Miami, karibu na mpaka wa wilaya ya Broward. Jina hilo maana yake ni kijito cha nyoka, lakini nyoka hatukumwona hata mmoja. Tulikuwa na kayaki nne. Kayaki ni mtumbwi mdogo wa plastiki wa mtu mmoja. Unakaa juu yake miguu umeinyosha mbele, na kasia lake lina bapa pande zote mbili. Mbili zilikuwa za Fundi, na mbili tulikodi jioni iliyotangulia. Pale pa kukodi tulipewa karatasi za kujaza, na katika karatasi hizo palikuwa na swali kama mtu anajua kuogelea. Kila mmoja akajaza yake akatia sahihi. Hatukutazama ya mwenzetu.

Kabla ya kushusha kayaki majini tulisimama tukaomba, kama tufanyavyo kila tunaposafiri. Ilikuwa zamu ya Mvuvi. Aliomba kirefu kuliko siku zote. Aliwaombea madereva, akawaombea wagonjwa wa Dada, akaziombea nyumba zetu na watoto wetu, akarudi tena kwa madereva. Fundi akafungua jicho moja. Alipomaliza tulimtania kwamba samaki wameamka, wamekula, wamerudi kulala.

Sasa sikilizeni vizuri jambo hili, maana hapa ndipo tulipokosa. Sheria ya huko yataka kila mtu awe na jaketi la kuokolea maisha ndani ya chombo chake, na awe na filimbi. Lakini mtu mzima halazimishwi kulivaa jaketi; akiwa nalo tu yatosha. Dada alilivaa lake. Fundi naye alilivaa. Mwalimu alilikalia, ili ainuke kidogo apate kuona mbele. Mvuvi alikuwa ameshalichukua lake mkononi, tayari ameingiza mkono mmoja, ndipo mmoja wetu akamwambia, "Wewe mtoto wa ziwa, hilo ni letu sisi watu wa milimani!" Aliyesema hivyo yuko hapa, na hajalala vizuri tangu siku ile. Mvuvi akacheka, akautoa mkono, akalifunga jaketi nyuma ya kiti chake kwa zile kamba za mpira.

Tukaondoka. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi, hayana wimbi, na jua lilikuwa linatoka nyuma ya mapaa ya nyumba. Ndege mmoja mweusi mwenye shingo kama nyoka alikuwa amesimama juu ya nguzo akianika mabawa yake, nasi tukapita karibu naye asitujali. Kulikuwa na bata wenye nyuso nyekundu, na kengewa hapa na pale juu ya mawe. Nao wale mijusi wakubwa wa kijani waitwao iguana, urefu wao kama mkono wa mtu mzima na kuzidi, walikuwa wamelala juu ya matawi wakijipasha joto. Iguana si wa pale. Aliletwa, kama tausi na kama sisi.

Mtu asiyewahi kuvua hivi hawezi kujua raha yake. Huna injini, huna kelele, na uko karibu na maji kiasi cha kuyagusa kwa kiwiko. Tausi hula mchana tu, kwa kuwa huwinda kwa macho. Usiku hata umpe nini hali. Hukaa penye kivuli: chini ya daraja, kwenye mdomo wa kalvati, kando ya mti ulioanguka. Chambo chetu kilikuwa cha bandia, kisamaki cha plastiki chenye ndoana tumboni, na siri yake ni kukivuta mbio. Besi humbembeleza polepole, lakini tausi ukimpitishia kitu kwa haraka hukasirika, na hugonga kama mtu aliyetukaniwa mamaye.

Wa kwanza alimpata Mwalimu, chini ya daraja la pili. Fimbo ilipinda, mshipi ukalia, na kayaki nzima ikageuzwa ikaanza kuvutwa kuelekea kwenye nguzo. Mwalimu akapiga ukemi kama mtoto wa darasa la kwanza. Samaki alipotoka alikuwa wa kijani na dhahabu, na mistari mitatu myeusi ubavuni, na macho mekundu. Mtu huruhusiwa kuchukua wawili tu kwa siku, na kati ya hao mmoja tu ndiye anayeweza kuzidi inchi 17. Wetu alikuwa mdogo kuliko hapo, nasi tulikuwa tumekubaliana kuwaachilia wote, kwa kuwa ni msimu wao wa kutaga na kulinda watoto. Mwalimu alimshika majini kidogo mpaka akapata nguvu, akamwacha aende. Kufikia saa nne tulikuwa tumepata saba. Dada peke yake alipata wanne, naye ndiye aliyekuwa hajalala tangu jana.

Mamba tulimwona mmoja, aina yao ile ya pua pana, mdogo, ameelea kama gogo. Alitutazama, akazama. Tulimwogopa sana yule mamba. Kwa nusu saa nzima tulikaa tukimwangalia kwa pembe ya jicho, na Mwalimu alikuwa na habari zake za kutosha.

Mvuvi hakupata kitu. Tena alivua karibu na ukingo muda wote, hakuvuka katikati hata mara moja. Sisi tulipovuka kwenda upande wa pili wenye kivuli, yeye aliufuata ukingo mpaka kwenye daraja ndipo akavuka karibu na nguzo, akizigusa kwa mkono. Tuliona. Tukadhani ni ujuzi wa mvuvi, kwamba anajua wanapokaa.

Ilikuwa yapata saa nne na nusu. Mvuvi alirusha chambo chake, kikanasa juu ya tawi lililoinamia maji. Akasogea chini ya tawi ili akitoe, akainua mkono, akavuta. Juu ya tawi lile palikuwa na iguana, na hakumwona. Tawi lilipotikisika yule mnyama akajirusha majini, kama wafanyavyo wakishtuka, akaanguka kando ya kayaki kwa kishindo cha gunia. Mvuvi akaruka upande wa pili. Kayaki ikapinduka.

Tukacheka.

Tumekubaliana tuliseme hili redioni, kwa sababu tukilificha habari yote haina maana. Tulicheka. Fundi alilaza kasia magotini ili apate kucheka vizuri. Tulimwona ametokea juu ya maji, kichwa kimeinuka nyuma, mdomo wazi, na tukadhani naye anacheka. Wahenga wetu walisema mfa maji haachi kutapatapa, nasi tangu utotoni tulijua hivyo, kwamba anayezama hupiga kelele, hurusha maji, huita mama. Huyu hakuita. Hakurusha maji. Mikono yake ilikuwa imenyooka pande zote mbili akiyakandamiza maji kama mtu anayekandamiza meza ili ainuke. Akashuka. Akatokea tena, mdomo ukiwa sawasawa na maji, akashuka. Hakutoa sauti yoyote. Mtu anayezama, kila nafasi anayopata mdomo wake uko nje huitumia kuvuta pumzi, na pumzi ya kuita hana. Dada anaijua kazi hii, naye ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alisema kwa sauti ndogo tu, "Huyu anazama."

Labda zilikuwa sekunde kumi. Tumejaribu kuzihesabu baadaye, kila mtu ana hesabu yake.

Kayaki yake ilikuwa imeshasukumwa mbali naye, tumbo juu, na jaketi limefungwa vizuri pale pale nyuma ya kiti, chini ya maji. Mwalimu aliyekuwa karibu akapiga makasia kumwendea na kunyosha mkono. Dada akapiga kelele, "Usimpe mkono! Mpe kitu!" Maana mtu anayezama akikukamata hukupanda kama ngazi, mkaenda wote wawili. Mwalimu akasita, hana kitu cha kutoa, jaketi amelikalia na hakulikumbuka. Ndipo Fundi akalinyakua boksi lake la barafu, lile lenye chakula chetu cha mchana, akalirusha kwa mikono miwili. Lilianguka kama mita moja mbele ya Mvuvi likaelea. Akalikumbatia. Mpaka leo hatujui alilionaje.

Kumtoa kulikuwa kazi nyingine. Mifereji ile imechongwa ndani ya mawe ya chokaa, na kingo zake nyingi zinashuka wima kama ukuta. Hakuna mteremko, hakuna pa kukanyaga. Hatua moja kutoka kwenye nyasi uko kwenye kina kirefu. Tulimleta ukingoni akawa anaparuza jiwe kwa kucha, hapati pa kushika. Ikabidi Dada amfungie boksi kamba, na Mwalimu na Fundi wavute, polepole, mpaka kwenye daraja palipomwagwa mawe makubwa. Pale akapanda kwa magoti. Alitapika maji, akakohoa, akakaa. Dada alimwekea sikio mgongoni muda mrefu. Akasema jioni lazima aonwe na daktari, kwa kuwa maji yakiingia kifuani madhara yake yanaweza kuja saa nyingi baadaye. Alionwa, naye akaruhusiwa kurudi nyumbani.

Tulikaa juu ya mawe yale. Magari yalipita juu ya vichwa vyetu. Fundi akalifungua boksi, na chapati zilikuwa kavu kabisa. Tukala kwa sababu hatukujua la kufanya.

Ndipo Mvuvi akasema, bila kumtazama yeyote, "Mimi sijui kuogelea."

Alituambia kwamba alipokuwa na umri wa miaka saba, kaka yake aliyemfuata kwa kuzaliwa alikufa maji ziwani, karibu na nyumbani, mahali watu wanapofulia nguo. Tangu siku ile mama yao alikataza mtoto yeyote wa nyumba ile kukanyaga ziwani. Wakitaka maji, mama mwenyewe alikwenda. Samaki aliwajulia sokoni, mezani pa shangazi yake aliyekuwa mchuuzi. Ndani ya mtumbwi hakuwahi kuingia mpaka asubuhi ile.

"Kwenye karatasi ile niliandika ndiyo," alisema. "Nilisimama na kalamu, nikawaona mnanitazama."

Mwalimu akamwuliza kwa nini hakutuambia miaka yote hii. Na jibu lake tumelibeba. Alisema, "Mara ya kwanza mliponiita Mvuvi ilikuwa mzaha, nikacheka. Mara ya pili ningesema nini? Kisha ikawa jina langu. Mtu atasimamaje mbele ya watu aseme jina lake ni la uongo?" Kisha akatabasamu kidogo akasema, "Nilidhani mtaona kwenye maombi. Nimeomba mpaka nikamaliza maneno."

Nasi tulikuwa tumefungua jicho moja.

Ndugu msikilizaji, tulikula mezani pa mtu huyu miaka kumi na mmoja. Tulijua anavyopenda chai yake, tulijua mshahara wake, tulijua ugomvi wake na shemeji yake. Hatukujua kwamba alikuwa na ndugu. Tulipokuwa tukisema "watu wa ziwa" tulidhani tumemjua, kumbe tulikuwa tumejua ramani tu. Wala tusimtupie yeye lawama kwamba angesema. Alijaribu kulivaa jaketi lile, na mkono mmoja ulikuwa umeshaingia.

Ilibaki kurudi. Gari lilikuwa mbali, na ukingo ulikuwa na nyua za watu mpaka majini. Njia ilikuwa moja tu, ya maji. Tuliigeuza kayaki, tukamvika jaketi, Dada akamkaza mishipi yote mwenyewe kama anayemvika mtoto sweta. Mwalimu naye alilitoa lake alipolikalia akalivaa. Tukafunga kamba kutoka kayaki ya Fundi hadi ya Mvuvi. Alikaa muda mrefu mkono mmoja ukiwa juu ya jiwe, hauachi. Hatukumharakisha. Bata walikuja, wakaondoka. Kisha akauachia. Tulirudi kimya kimya, na fimbo yake ilibaki chini ya mfereji pamoja na chambo.

Tulipomfikisha nyumbani mkewe alifungua mlango akaona nguo zilizolowa. Hakuuliza kulitokea nini. Aliuliza, "Mlimpeleka majini?" Yeye alijua. Tulisimama mlangoni kama watoto walioitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na kwa mara ya kwanza Mwalimu hakuwa na la kueleza.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na walio wengi ni wa nchi kama zetu. Wanaokufa hivyo si mabaharia tu. Ni mtoto aliyekwenda kuteka maji kwenye bwawa la ng'ombe, ni kijana anayevuka mto uliofurika ili asichelewe shuleni, ni mvuvi mwenyewe, maana wako wavuvi wengi wanaokwenda ziwani kila usiku na hawajui kuogelea, na hawasemi. Wewe unayetusikiliza ukiwa Homa Bay au Naivasha au kando ya Tana, huenda unamjua mmoja. Huenda ni wewe. Mwulize mwenzako kabla ya kusukuma mtumbwi, tena mwulize mkiwa wawili, mbele ya watu atakujibu ndiyo.

Mwezi wa Juni mwaka ule ule Mvuvi alijiandikisha katika bwawa la kuogelea la manispaa. Darasa la watu wazima lilikuwa limejaa, kwa hiyo aliwekwa Jumamosi asubuhi na watoto wa miaka sita na saba, na mwalimu wao ni msichana ambaye angeweza kuwa binti yake. Wiki tatu za kwanza alishika ukuta tu na kutia uso majini. Sisi huenda kwa zamu kumsindikiza na kukaa kwenye benchi na taulo yake. Yule aliyesema maneno yale kuhusu watoto wa ziwa huenda kila Jumamosi, hata isipokuwa zamu yake.

Siku moja mwishoni mwa Agosti tulikuwa pale wote watatu. Aliuachia ukuta, akavuka upana wa bwawa, kwa mikono na miguu isiyokubaliana, akanywa maji kidogo, akaushika ukuta wa pili. Akageuka kututafuta kwa macho. Mtoto mmoja aliyekosa meno ya mbele akaanza kupiga makofi, na wenzake wakafuata, nasi tukasimama tukapiga pamoja nao.